MAYI NA MAYI-MAYI: ASILI NA MAANA ZA NENO MOJA KATIKA KISWAHILI CHA BUTEMBO NA BENI

Utangulizi

Katika miji ya Butembo na Beni, jimbo la Kivu ya Kaskazini, neno linalotaja maji ya kunywa ndilo pia linalotaja watu wenye silaha. Maji ni "mayi". Wapiganaji wa vikundi vya wenyeji ni "Mayi-Mayi". Jina hili limeandikwa katika ripoti, magazeti na vitabu vya historia kwa miaka zaidi ya thelathini, na aghalabu hufuatwa na maelezo mafupi yaleyale: kwamba limetokana na neno la Kiswahili "maji", kwamba linarithi Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1905 hadi 1907, na kwamba msingi wake ni imani kuwa dawa ya maji huzigeuza risasi kuwa maji. Baada ya hapo mwandishi huendelea na habari zake, kana kwamba neno limekwisha kuelezwa.

Maelezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanajibu swali la asili na kuliacha swali la maana. Makala hii inakusudia kuyahakiki kwa kutazama umbo la neno lenyewe, historia ya jina, na sarufi ya matumizi yake katika Kiswahili cha Butembo na Beni. Hoja inayotetewa ni kwamba asili hueleza neno lilikotoka, lakini maana yake hutafutwa kwa wale wanaolitamka na wale wanaotajwa nalo. Suala hili lina uzito nje ya darasa la isimu. Katika eneo lenye vita, jina analopewa mtu huweza kuamua jinsi atakavyotendewa.

Umbo la neno

Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu huenda akaliona umbo "mayi" kuwa ushahidi wa Kiswahili kilichoharibika. Rai hiyo haina msingi. Mahali penye sauti /j/ katika Kiswahili sanifu, lahaja za kaskazini mwa mwambao mara nyingi huwa na /y/, au huiacha sauti hiyo kabisa. Msemaji wa Kiamu husema "mai" pale msemaji wa Kiunguja asemapo "maji", na husema "kuya" pale mwenzake asemapo "kuja". Tungo kongwe za Lamu na Pate zimejaa maumbo ya aina hii, na wahakiki huyapokea kama sifa za lahaja. Kiswahili cha Kongo mashariki nacho kina "mayi" na "kuya". Ni vigumu kuona kwa nini umbo liwe fahari likiandikwa Lamu na liwe kosa likisemwa Butembo.

Hata hivyo, kufanana huku kusichukuliwe kuwa ni ushahidi kwamba Kiswahili kilifika Butembo kutoka Lamu. Lugha hii ilienea Kongo mashariki katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka Unguja na pwani ya Mrima, kisha ikaendelezwa na utawala wa Kibelgiji, misheni na shule. Kinachothibitika ni kwamba shina moja la Kibantu laweza kupata umbo lilelile mahali pawili mbalimbali, bila ya upande mmoja kuuiga mwingine.

Jambo la pili linahusu Lingala. Katika lugha hiyo pia maji ni "mai". Lingala ilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, Force Publique, na ikabaki lugha ya wanajeshi baada ya uhuru wa 1960. Kwa hiyo katika Butembo na Beni husikika pamoja na Kiswahili, Kinande na Kifaransa. Anayesikia "mai" hawezi kuamua kwa sauti peke yake kama neno limetoka Kiswahili au Lingala, kwa kuwa lugha zote mbili zimerithi shina moja la Kibantu. Wanaoandika bila wasiwasi kwamba jina hili ni la Kiswahili, na hasa la Kiswahili cha Tanzania, wanauruka ukweli huu.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni Kinande, lugha ya mama ya wakazi wengi wa Butembo na ya sehemu kubwa ya watu wa Beni na Lubero. Kwa Kinande maji ni "amaghetse". Iwapo jina la wapiganaji hawa lingechimbuka moja kwa moja katika mila za Wanande, ingetarajiwa lifanane na neno hilo. Halifanani nalo hata kidogo. Jina hili limo katika lugha inayovuka mipaka ya makabila, na ndiyo maana limetumika pia Walikale, Masisi, Fizi, Maniema na Katanga, kwa watu wenye lugha za mama tofauti na sababu tofauti za kupigana. Kwa hiyo, yeyote anayeliona jina "Mayi-Mayi" kama alama ya kabila fulani anapingwa na neno lenyewe.

Tahajia pia ina mengi ya kusema. "Maï-Maï", yenye nukta mbili juu ya herufi i, ni ya Kifaransa, na nukta hizo humzuia msomaji wa Kifaransa asiziunganishe irabu mbili kuwa sauti moja. "Mai-Mai" huonekana zaidi katika ripoti za Kiingereza. "Mayi-Mayi" hukaribia matamshi ya wenyeji. "Maji-Maji", inayopatikana hapa na pale, ndiyo inayotaka tahadhari, kwa sababu hutoa hukumu juu ya asili kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mwandishi anayechagua tahajia hiyo amekwisha kumwambia msomaji kwamba vita vya Kivu ni watoto wa vita vya 1905.

Historia ya jina

Habari za 1905 zinajulikana. Katika kijiji cha Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale aligawa dawa iliyochanganywa na maji, akawaahidi watu kinga dhidi ya silaha za Wajerumani. Alinyongwa Agosti 1905, vita vilipokuwa vimeanza tu. Vilienea kusini yote, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na uteketezaji wa mashamba na ghala, ni kati ya 75,000 na 300,000.

Kati ya Ngarambe na Kivu ya miaka ya 1990 pana karibu miaka tisini, Ziwa Tanganyika, na mipaka ya dola mbili za kikoloni zilizotawaliwa kwa lugha tofauti. Anayedai kwamba jina lilirithiwa moja kwa moja anapaswa kuonyesha njia liliyopitia. Wengi hawaionyeshi, hutosheka na kufanana kwa maneno.

Kiungo kilicho karibu zaidi kipo ndani ya Kongo yenyewe. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, pamoja na mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Walifika pia Butembo na Beni. Wapiganaji hao walinyunyiziwa dawa, wakapewa miiko, na katika mapambano walipaza sauti wakisema "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele. Pierre Mulele mwenyewe hakuwa nao. Aliongoza uasi mwingine katika Kwilu, magharibi ya nchi, mahali ambapo lugha kuu ya mawasiliano, Kikongo cha serikali, huita maji "masa". Basi mwito huo uliunganisha jina la kiongozi wa magharibi na neno la maji lililotumiwa na wapiganaji wa mashariki. Miaka thelathini hivi baadaye, vita vya Masisi na Walikale vya 1993 na vile vilivyofuata vilipozaa vikundi vipya vya kujihami, maneno "mayi" na "dawa" tayari yalikuwa na historia ya vita katika kumbukumbu za wazee wa hapohapo.

Aidha, dhana ya maji kuwa ngao haihitaji kurithiwa pamoja na neno. Kaskazini mwa Uganda, miaka ya 1986 na 1987, wafuasi wa Alice Lakwena walipakwa mafuta na kunyunyiziwa maji kabla ya kwenda vitani, wala jeshi lao halikuitwa kwa jina la maji. Imani na jina ni vitu viwili. Vyaweza kusafiri pamoja, na vyaweza kuachana njiani.

Ebrahim Hussein aliliona tatizo hili la neno mapema. Tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, kwa kawaida husomwa kama kazi inayohusu imani na umoja wa makabila. Yaweza kusomwa pia kama tamthilia ya neno. Mhusika mkuu analitoa neno, watu wanalipokea, nalo linakua hadi yeye mwenyewe hawezi kulirudisha wala kulitawala. Funzo hilo lafaa kwa Kongo kuliko nasaba inayochorwa kutoka Ngarambe hadi Beni. Mwenye kulitoa neno si mwenye maana yake.

Nchini Tanzania neno hilohilo limefika mahali pengine kabisa. Mjini Songea kuna makumbusho ya Maji Maji, kuna uwanja wa michezo wa Majimaji, na ilikuwako timu ya soka iliyojulikana nchi nzima kwa jina hilo. Huko jina ni la mashujaa waliokwisha kuzikwa na kuenziwa. Katika Butembo na Beni ni jina la watu walio hai, ambao msafiri aweza kukutana nao njiani. Kulifasiri la pili kwa heshima ya la kwanza ni kuwapa watu sifa, au lawama, isiyo yao.

Sarufi ya jina

Katika Kiswahili sanifu, uradidi wa neno hili una maana inayojulikana. "Majimaji" ni hali ya kuwa na unyevu, au kitu kisichokuwa kigumu: nguo ya majimaji, udongo wa majimaji. Uradidi wa "Mayi-Mayi" si wa aina hiyo. Ni mwito uliorudiwa, kama mtu anavyoita "Moto! Moto!" nyumba inapoungua. Mwito wa wapiganaji ukageuka kuwa jina lao. Waliokuwa wakilia "mayi" wakaitwa "Mayi-Mayi". Lugha nyingine zinajua hatua ya namna hii. Neno la Kihispania "guerrilla" lilimaanisha vita vidogo kabla halijamtaja mpiganaji mwenyewe, na kwa umbo la "gerila" limeingia hata katika Kiswahili. Katika mifano yote miwili jambo limehama na kumkalia mtu.

Ushahidi wa kuhama huko umo katika upatanisho wa kisarufi. Katika Kiswahili cha Butembo na Beni, maji ya mtungini yakiisha watu husema "mayi imeisha", kwa kiambishi i- ambacho lugha hii hukitumia kwa vitu visivyo na uhai. Kiswahili sanifu kingesema "maji yameisha". Lakini wapiganaji wakija, husemwa "ba Mayi-Mayi balikuya". Kiambishi ba- cha wingi wa watu kinatangulia jina, na kitenzi kinapatana nacho. Neno lililokuwa la kitu limeingia katika jamii ya watu, na hakuna msemaji anayechanganya sentensi hizi mbili. Mtoto anayetumwa kisimani kuchota mayi haogopi neno hilo. Neno lilelile likiradidiwa na kutanguliwa na ba-, humfanya akimbie.

Hii ndiyo sababu maelezo ya kwamba "Mayi-Mayi maana yake ni maji" hayatoshi. Katika sarufi ya wenyeji haya ni maneno mawili yanayokumbuka ujamaa wao, lakini yamekwisha kutengana.

Maana katika matumizi

Neno hili lina maana nne za wapiganaji zinazoweza kutofautishwa, licha ya maana ya msingi ya maji.

Maana ya kwanza ni ya kinga. "Mayi" ni dawa inayonyunyizwa na mtaalamu anayeitwa dokta, pamoja na miiko inayoambatana nayo, kama vile kutoiba na kutokaribia wanawake kabla ya mapigano. Mpiganaji akipigwa risasi, husemwa kwamba alivunja mwiko. Maana hii inatazama mwenendo zaidi ya silaha.

Maana ya pili ni ya mpiganaji wa kikundi cha wenyeji, yeyote yule, awe na dawa au asiwe nayo. Hapa pana hatari ya kujumlisha. Vikundi vilivyoitwa kwa jina hili katika Beni na Lubero vimekuwa vingi, vyenye viongozi tofauti, na mara nyingine vimepigana vyenyewe kwa vyenyewe. Baadhi vilishirikiana na AFDL mwaka 1996, kisha vikageuka. Jina moja halivifanyi kuwa jeshi moja.

Maana ya tatu ni ya kisheria na kisiasa, na waandishi wengi huisahau. Katika makubaliano yaliyotiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, Mayi-Mayi walihesabiwa kuwa mojawapo ya pande za makubaliano, sambamba na serikali, makundi makubwa ya waasi, upinzani wa kisiasa na asasi za kiraia. Wakapata viti katika serikali ya mpito ya 2003. Mwito wa msituni uliandikwa katika hati ya dola, na aliyetaka cheo alikuwa na sababu ya kulidai jina ambalo mwingine alikuwa akilikimbia.

Maana ya nne ni ya lawama. Hapa mwenye kutajwa hana sauti. Kijana aliyekutwa njiani bila kitambulisho, au kijiji kilichopitiwa na wapiganaji usiku, huweza kuitwa "Mayi-Mayi" na mtu mwenye bunduki, na jina hilo likawa ndiyo hukumu. Wanakijiji nao wakitaka kuwakinga haohao huwaita "batoto yetu", yaani watoto wetu. Kuchagua kati ya majina hayo mawili ni kuchagua upande.

Udhaifu wa maana hii ya nne ulidhihirika wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kugunduliwa Mangina, karibu na Beni, na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo viliposhambuliwa Februari 2019, habari nyingi zilijaza pengo la mtendaji kwa neno "Mayi-Mayi". Huenda katika baadhi ya mashambulizi jina hilo lilikuwa sahihi. Lakini lilitumika pia kama jibu la swali "nani?" kabla ya uchunguzi kufanyika, na neno linalojibu kila swali la namna hiyo haliwezi tena kumtambulisha mtu yeyote. Wakati huohuo, njiani na milangoni mwa shule na makanisa, watu walitakiwa kunawa mikono kwa maji yenye klorini. Kwa mara nyingine watu waliambiwa kwamba maji yatawakinga, na kwa mara nyingine swali la wengi lilihusu aliyeyaleta: ni nani, na anataka nini? Anayedhani kwamba mashaka yale yalikuwa ujinga mtupu hajaizingatia historia ya neno "mayi" katika miji hii.

Tangu 2022 na 2023, vita dhidi ya M23 vilipopamba moto, jina jingine limeanza kuchukua nafasi ya hili: "Wazalendo". Neno hili pia ni la Kiswahili, limetokana na kitenzi "zaa", na asili yake ni mtu aliyezaliwa mahali. Tofauti ni kwamba "Wazalendo" ni jina la sifa, linalokubaliwa na wenye mamlaka kwa vikundi vinavyopigana upande wa serikali. Mpiganaji yuleyule, katika kilima kilekile, na bunduki ileile, aliitwa Mayi-Mayi jana na leo ni Mzalendo. Yeye hakusogea, lililosogea ni jina. Mtaalamu wa lugha anayeridhika na asili ataandika kwamba la kwanza latokana na maji na la pili latokana na kuzaliwa, na maandishi yake yatakuwa sahihi, lakini hayatamsaidia msomaji kuelewa kilichotokea.

Hitimisho

Uhakiki huu haukukusudia kuikana etimolojia. Shina la Kibantu, mwito wa 1964 na imani ya dawa vina nafasi yake katika historia ya neno. Kilichopingwa ni desturi ya kuifanya asili kuwa maana, na hasa desturi ya kuwapa wapiganaji wa Kivu nasaba ya Ngarambe kwa sababu tu maneno yanafanana.

Kwa watunga kamusi, mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, "mayi" liingizwe kama umbo halali la Kiswahili cha Kongo, bila alama ya kosa, kama "mai" linavyostahili kuingizwa kwa Kiamu. Pili, "Mayi-Mayi" lipewe kidahizo chake, katika ngeli ya a-/wa-, mbali na "majimaji" ya unyevu. Tatu, maelezo yake yaoneshe kwamba ni jina la vikundi vingi visivyo na uongozi mmoja, kwamba limewahi kuwa jina la upande wa kisiasa unaotambuliwa, na kwamba mara nyingi hutumiwa na watu wengine juu ya wasiojiita hivyo.

Kwa watafiti na wanafunzi, hasa walio katika vyuo vya Butembo na Beni wenyewe, kazi iliyobaki ni kukusanya matumizi: nani alilisema neno hili, kwa lugha gani, akimtaja nani, mwaka gani. Wazee walioyasikia makelele ya 1964 wanapungua. Wakishaondoka, asili itaendelea kurudiwa vitabuni, lakini ushahidi wa jinsi maana ilivyobadilika hautapatikana tena.